Kipima mwanga cha mkononi kinanipa namba mbili tofauti, nifuate ipi?

barazani67

Wakuu habari zenu.

Kamera ni Mamiya RB67 Pro S na lenzi ya 127mm. Haina kipima mwanga ndani, kwa hiyo natumia Sekonic L-308 ya mkononi. Filamu ni HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe, Portra 400 kwa rangi. Roli moja ya 120 ni picha 10 tu na bei ya filamu mnaijua, kwa hiyo kubahatisha sitaki.

Mazingira ni haya: uchochoro wa mji wa kale, saa saba mchana. Mtu mwenye ngozi nyeusi amevaa kanzu nyeupe, amekaa barazani kivulini. Nyuma yake ukuta wa chokaa, na pembeni kuna kipande cha ukuta kinachopigwa na jua. Nikisimama penye kamera, kama mita tatu, nikamwelekezea kipima kisome mwanga unaorudi kutoka kwake, napata f/16 kwa 1/125 (tundu la lenzi f/16, shata 1/125 ya sekunde). Nikimsogelea nikaweka ile kuba nyeupe mbele ya uso wake, napata f/8 kwa 1/125 ile ile. Stopu mbili nzima (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake)!

Naomba kujua nifuate ipi, na kwa nini. Je, kuba ielekee kamera au ielekee jua? Halafu kuna jambo jingine linanichanganya: picha za uso wa karibu zinatoka nyepesi kwenye negativi kuliko za mwili mzima, na mwanga ni ule ule, kipimo ni kile kile. Mwisho, kuna Gossen Lunasix 3 ya zamani inauzwa, inafaa kuwa ya akiba?

---

kijivu18

Mkuu, fuata kuba. f/8.

Kipima kinachosoma mwanga unaorudi hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kiamini kwamba chochote kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukikionyesha chokaa na kanzu, kinasema "huu mwanga ni mwingi, funga tundu", na vitu vyeupe vinashuka hadi kijivu. Mtu wako, ambaye tayari ni mweusi kuliko kijivu, anazama gizani pamoja navyo. Hiyo f/16 ni kipimo cha ukuta, wala si cha mtu.

Tena L-308 inatazama kwa pembe ya nyuzi 40. Ukiwa mita tatu, hilo ni duara la upana wa zaidi ya mita mbili. Ndani ya duara hilo uso wa mtu ni doa tu. Kilichobaki ni chokaa, kanzu na kile kipande cha jua. Ukitaka kuutumia mwanga unaorudi kwa maana, sogea hadi sentimita 20 kutoka usoni, hapo duara linabaki la sentimita 15 hivi. Angalia kivuli cha mkono wako kisimwangukie. Na bado kazi haijaisha: ngozi nyeusi sana huwa stopu moja hadi mbili chini ya kijivu, kwa hiyo kipima sasa kitakosea upande wa pili, kitakuambia ufungue zaidi. Ukisoma f/5.6 kwenye shavu la mtu kama huyo, funga hadi f/8. Yaani unarudi kule kule kuba ilikokupeleka, ila kwa njia ndefu na kwa kukisia.

Kuba haijali rangi ya kitu. Inapima mwanga unaomwangukia mtu, basi. Kanzu itatoka nyeupe kwa sababu ni nyeupe, ngozi itatoka nyeusi kwa sababu ni nyeusi. Kwa pwani yetu yenye kuta za chokaa na watu wa rangi zote kwenye picha moja, sioni njia nyingine inayoshindana nayo kwa haraka na uhakika.

Sasa namna ya kuishika. Iweke pale pale alipo uso, mgongo wa kipima ukiwa upande wa mtu, kuba ikitazama lenzi ya kamera. Sio juu, sio jua: lenzi. Umbo la kuba ndilo linalofanya kazi ya kujumlisha mwanga wa juu, wa pembeni na wa mbele, kwa uwiano ule ule ambao kamera itauona usoni. Ukiielekeza jua la saa sita, utapima paji la uso na mabega, na matundu ya macho yatakuwa meusi tii. Ukiwa na slaidi (filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativi) jua likitoka pembeni, pima mara mbili, moja kuelekea kamera na moja kuelekea jua, kisha chukua katikati, maana slaidi ikiungua haina msamaha. Kwa negativi, kuelekea kamera kunatosha.

Kosa linalowapata wengi uchochoroni: mpimaji anasimama kati ya kuba na kamera. Kwenye uchochoro mwembamba mwanga mwingi unaomfikia mtu wa barazani umeruka kutoka ukuta wa mbele yake, na wewe umeuziba kwa mwili wako. Shati jeupe nalo linaongeza mwanga wake. Nyoosha mkono, chuchumaa au simama pembeni.

Na ukishindwa kumfikia mtu, hakikisha ulipo wewe pana mwanga wa aina moja na pale alipo. Jua kali ni karibu EV 15 (EV ni namba ya kiasi cha mwanga, kila moja ni stopu moja) kwa ISO 100, yaani f/16 kwa 1/125. Kivuli cha wazi kinashuka stopu tatu hivi, na baraza lenye paa linashuka nne au tano. Ukipima ukiwa juani halafu ukampiga aliye barazani, hupati kitu.

Jambo la mwisho kuhusu kioo cha L-308: ile namba ndogo iliyo pembeni ya namba ya tundu ni sehemu za kumi za stopu. Ukiona 8 na 5 ndogo, maana yake f/8 na nusu stopu juu yake, katikati ya f/8 na f/11. Si f/8.5. Pia ile kuba inateleza kushoto na kulia. Isipofika mwisho ikabofya, nusu ya sensa inabaki wazi na namba utakayopata haina maana yoyote.

---

mvukuto

Nachukua hilo la picha za karibu, kwa sababu hapo kipima hakina kosa.

RB67 inafokasi kwa mvukuto. Unapozungusha kitasa, lenzi inasogea mbele mbali na filamu, na mwanga ule ule unatawanyika eneo kubwa zaidi. Kipima cha mkononi hakijui hilo, wala namba ya f iliyochorwa kwenye lenzi haijui. Imechorwa kwa ajili ya fokasi ya mbali kabisa.

Hesabu yake: chukua urefu wa lenzi, ongeza milimita ambazo mvukuto umetoka, gawanya kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa 127mm, mvukuto ukiwa umetoka milimita 25: 152 gawanya kwa 127 ni 1.197, mara 1.197 ni 1.43. Hiyo ni nusu stopu. Ukiwa umetoka hadi mwisho, milimita 46, unapata 1.86, karibu stopu nzima. Kwa lenzi ya 90mm ukitoka mwisho huo huo ni 2.28, zaidi ya stopu moja. Lenzi fupi inaadhibiwa zaidi kwa milimita zile zile, watu wengi hudhani ni kinyume.

Hata hesabu huna haja nayo kila mara. Ubavuni mwa kamera yako kuna chati yenye mistari ya lenzi mbalimbali. Ukishafokasi, tazama mstari wa lenzi yako unakatiza wapi, usome nyongeza. Picha ya mwili mzima nyongeza ni ndogo ya kupuuzwa. Picha ya uso uliojaza fremu si ya kupuuzwa.

Filta nazo ni hivyo hivyo. Ya njano ya kawaida ongeza stopu moja, ya chungwa mbili, nyekundu namba 25 tatu, polaraiza moja na nusu hadi mbili. Usiweke filta mbele ya kipima ukasoma. Sensa haioni rangi kama filamu inavyoona, na kwa nyekundu ndipo tofauti inakuwa kubwa. Pima bila filta, kisha ongeza.

Na ukipiga jioni kwa sekunde nzima nzima, filamu yenyewe inachoka. Ilford wanatoa kanuni: muda uliopimwa unapandishwa kipeo cha 1.31 kwa HP5 Plus, 1.26 kwa FP4 Plus. Kipima kikisema sekunde 10, HP5 inataka 20. Kikisema 30, inataka 86. Chini ya sekunde moja, sahau habari hiyo.

---

fundi_selenia

Kuhusu Lunasix 3. Ni kipima kizuri sana cha mwanga hafifu, lakini ukikinunua unanunua na tatizo la betri.

Kilitengenezwa kwa betri mbili za zebaki aina ya PX625, volti 1.35 kila moja, na volti hiyo haikuwa ikishuka mpaka betri inapokufa. Zebaki imepigwa marufuku, hazitengenezwi tena. Dukani watakupa 625A ya alkalini, inaingia vizuri kabisa, ila inaanza na volti 1.5 na inashuka kila siku. Leo kipima kinakosea stopu moja, mwezi ujao kinakosea kiasi kingine. Hiyo ni mbaya kuliko kipima kilichokufa, maana kilichokufa hakikudanganyi.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni betri za vifaa vya kusikia namba 675, volti 1.4, zinapatikana kwenye maduka ya dawa makubwa na kliniki za masikio. Ni nyembamba kwa kipenyo, karibu milimita 11.6, kwa hiyo zinahitaji pete ya kuzizungushia zikae katikati. Ukibandua karatasi yake iache ipumue dakika moja au mbili kabla ya kuifungia. Vitundu vyake visizibwe, na ujue kwamba ukishaibandua inaendelea kuisha hata usipotumia. Ya pili ni adapta yenye kidhibiti ndani yake, inayokubali betri za oksidi ya fedha za volti 1.55 na kuzishusha hadi 1.35. Ni ghali mara moja, baadaye umesahau.

Sensa yake ni ya kadmiamu salfaidi, na hiyo ina kumbukumbu. Ukiielekeza juani halafu ukaingia ndani ya nyumba, kwa muda itaendelea kusoma mwanga mwingi kuliko uliopo. Iache ifunikwe dakika chache. Kwenye mwanga hafifu bonyeza kitufe usiachie mpaka sindano itulie kabisa.

Ukikutana na Weston Master au Sekonic L-398 za selenia, hizo hazina betri, zinajitengenezea umeme. Adui yake ni unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu na chumvi vyote viwili. Selenia haifi ghafla, inapungua nguvu. Toleo la L-398A si selenia tena, lina seli ya silikoni, hilo halina wasiwasi sana, ila chini ya EV 4 halioni.

Kabla hujatoa hela, kijaribu hivi. Funika sensa kwa kidole: sindano irudi sifuri. Toka nje saa sita mchana, anga bila wingu, weka ISO 100, pima kwa kuba ikiwa juani: utarajie f/16 kwa 1/125, ikipungua au kuzidi theluthi ya stopu si neno. Kisha ingia chumbani ulinganishe na L-308 yako, vyote kwa kuba, mahali pale pale. Hatua hii ya pili ndiyo wauzaji hawaipendi. Kikikosea stopu moja juani na stopu moja chumbani, kitumie tu kwa kubadilisha ISO. Kikiwa sahihi juani na kikakosea stopu mbili chumbani, kirudishe, hakuna namba ya ISO itakayokiponya.

---

zoni_ya_tatu

Nakubaliana na kijivu18 kwa sehemu. Kuba inakuambia mwanga wa mtu. Haikuambii kitu kuhusu ule ukuta unaopigwa na jua uliomo ndani ya fremu, wala kona nyeusi chini ya baraza. Kwa Portra si shida. Kwa HP5 unayosafisha mwenyewe, inafaa kujua.

Kipima cha doa cha nyuzi 1, kama Pentax Digital Spotmeter au Minolta Spotmeter F, kinasoma kipande kidogo ukiwa umesimama penye kamera. Soma kivuli cheusi kabisa ambacho bado unataka undani wake uonekane, tuseme mkunjo wa kikoi. Kikisema f/4 kwa 1/125, usipige f/4, ukipiga hivyo kivuli kitakuwa kijivu. Funga stopu mbili, piga f/8. Hapo kivuli kimekaa zoni ya III, yaani stopu mbili chini ya kijivu cha wastani.

Kisha soma ukuta wenye jua. Ukiwa stopu tano juu ya kivuli, safisha filamu kama kawaida. Ukiwa stopu saba, punguza muda wa kusafisha kwa asilimia 15 hadi 20. HP5 kwa ID-11 (dawa ya kusafishia) iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, nyuzi 20, ni dakika 13. Mimi ningeshusha hadi 11.

Nyuzi 20 nimesema makusudi. Maji ya tangi huku pwani ni 28 au zaidi. Usipoyapoza, filamu inasafishwa kupita kiasi, ukuta unaungua, halafu lawama zinakwenda kwa kipima. Weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji na barafu mpaka kipimajoto kikubali.

---

barazani67

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini f/16 ilikuwa ya ukuta. Chati ya ubavuni nilikuwa naiona kila siku sikujua kazi yake.

Moja tu limebaki. Nimezoea kusoma ushauri wa "weka kipima ISO 200 kwa filamu ya 400", na mwingine wa "pima kivulini kwa negativi". Niyafanye yote pamoja na nyongeza ya mvukuto?

---

kijivu18

Hapana, hapo ndipo watu wanapojumlisha bila kujua. ISO 200 kwa filamu ya 400 ni stopu moja ya ziada. Kupima kivulini wakati mtu yuko juani ni stopu tatu nyingine. Jumla nne. Portra itavumilia mbili bila kulalamika, kwa nne rangi zinaanza kuyumba na skana inahangaika kupenya. HP5 inakuwa nzito, chembe zinakua na kanzu inapoteza mikunjo yake yote.

Ule ushauri wa kupima kivulini ni kwa ajili ya mandhari yenye jua na kivuli mchanganyiko. Mtu wako *yupo* kivulini, kwa hiyo ukipima usoni pake umeshapima kivulini, hakuna cha kuongeza. Chagua bima moja. Ukitaka ISO 200 kwa Portra, sawa, basi ishia hapo. Mvukuto na filta si bima, hivyo ni mwanga uliopotea kweli, unavirudisha kila mara.

Na usihukumu kwa skani, skana inasawazisha kila kitu. Weka negativi kwenye dirisha lenye mwanga. Vivuli vikiwa wazi kabisa kama plastiki tupu, mwanga ulikuwa haba. Kisha tazama namba na maandishi ya kiwandani pembezoni mwa filamu, ambayo hayahusiani na kipima chako. Yakiwa meusi na makali lakini picha ni nyepesi, kosa ni la mwanga. Na yenyewe yakiwa hafifu, kosa ni la usafishaji.

---

fundi_selenia

Ongeza na shata kwenye orodha ya washukiwa. Kila lenzi ya RB67 ina shata yake, na ikikaa miaka bila kutumika spidi za chini zinanata. Inua kioo kwanza kelele yake isikuchanganye, rekodi mlio wa shata kwa simu, fungua sauti hiyo kwenye programu ya kuhariri upime nafasi kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Kwa sekunde 1 hadi 1/30 njia hii inatosha. Sekunde 1 ikitoka 1.5, hiyo ni zaidi ya nusu stopu ambayo kipima hakihusiki nayo.

---

mvukuto

Basi kwa picha yako ya uso, hesabu kamili ni hii: HP5 kwa ISO 400, kuba usoni ikitazama lenzi, f/8 kwa 1/125. Mvukuto umetoka milimita 25, rudisha nusu stopu: tundu katikati ya f/5.6 na f/8. Ukivisha filta ya njano, acha tundu hapo hapo, shusha shata hadi 1/60, na uweke kamera kwenye tripodi, maana mdude wenyewe una uzito wa kilo mbili na zaidi.